Beji ya Upatano wa Milele

Ishaka hakuwa amegusa chakula cha mkewe, Saida, tangu mwezi wa Shaabani. Alikuwa akila kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Bellevue, na mtaa wao wa Rosettenville mzima ulijua hadi mboga aliyopikiwa. Ndiyo maana Saida akahamia Troyeville kwa dada yake, Shufaa. Talaka hakudai. Alikuwa bado anampenda, basi, moyo una ukaidi wake.

"Zamani alikuwa anaomba sahani ya pili," alisema.

"Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Shufaa akamjibu.

Sasa Ishaka anagombea uenyekiti wa chama cha kuzikana, na wazee wakaanza kuuliza: aliyeshindwa na mke aliye hai, ataziweza maiti zetu? Swali la haki kabisa.

Ijumaa akaja Troyeville mpambe wa Ishaka, Burhani, na boksi la beji za kampeni. Burhani ni mlinzi kwenye maonyesho ya sarafu za Kirumi huko mjini, na wazo alilitoa huko. Upande mmoja uso wa Saida, ametazama pembeni kimalkia. Upande wa pili mikono miwili imeshikana, na maneno: Upatano wa Milele.

"Shemeji, nimeiga sarafu ya Plautila, mke wa kaizari Karakala."

Saida alijitazama. Eish, alikuwa amependeza.

"Walipendana sana?"

Burhani kazi yake anaiheshimu, hadanganyi. "Hapana. Mume alimchukia, hata kula naye hakutaka. Mke akafukuziwa kisiwani, baadaye wakamuua."

"Na sarafu?"

"Zipo tele, Shemeji. Safi."

Saida akasema atakuja kwenye mkutano wa uchaguzi, ila na pilau yake. Ishaka akila, anarudi naye siku hiyo hiyo, mabegi alishayafunga.

Jumapili, mbele ya wanachama wote, akamwekea sahani. "Karibu, mume wangu."

Ishaka akatabasamu. Akachota kijiko, akakishikilia karibu na mdomo mpaka Burhani alipomaliza kupiga picha tatu. Ukumbi ukalipuka vigelegele. Kisha akakirudisha kijiko sahanini kikiwa kimejaa vilevile, akasimama kuhutubia.

Alishinda, kura sitini kwa kumi na tisa.

Saida akaivuta ile sahani, akaila mwenyewe mpaka punje ya mwisho, machozi yakimtoka hadharani. Burhani akaja mbio: mwenyekiti anamwita wapige picha ya pamoja.

"Mwambie picha zangu anazo boksi zima," Saida akasema. "Mimi nakwenda kwa sheikh. Nataka talaka yangu."