Shemeji na Mjakaranda

Mwaka ule mjakaranda ulichanua upande mmoja tu. Upande wa barabarani ulijaa zambarau kama ada yake, lakini upande wa nyumba, ule uliolifunika dirisha la chumba cha cherehani, ulibaki matawi matupu. Kisha asubuhi moja, pasipo upepo wala mvua, tawi nene kama paja la mtu likashuka lenyewe na kuliponda banda la kuku la jirani.

Mshonaji alitoka mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kuku wamepona?"

"Wamepona," alisema jirani, mama mtu mzima asiyeishiwa utani. "Ila jogoo kapoteza sauti. Mwenzangu, huo mti uangalie. Leo banda, kesho paa."

Angekuwepo mume wa mshonaji, lisingekuwa jambo la kushauriana. Marehemu alikuwa fundi wa miti, na mtaa mzima ulimjua kwa jina hilohilo, Fundi Miti, hadi kifua kilipomwangusha kitandani, asiinuke tena. Jioni, mbele ya sahani, alikuwa akimsimulia mkewe habari za mizizi na kuvu na magome, naye mkewe akiitikia "ehee" huku mawazo yake yako kwenye mikono ya gauni la bibi harusi. Sasa angetoa chochote alicho nacho asikie hata moja ya hadithi zile, tangu mwanzo, na safari hii asikilize.

Badala yake akaja shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu. Baada ya matanga alizichukua kamba, mikanda ya kupandia na kofia ngumu ya kaka yake, akaichukua na kazi yenyewe. Uso hawakufanana sana. Sauti ndiyo ilikuwa ileile, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni kama mlango wa mbao. Kila alipobisha hodi, moyo wa mshonaji ulikuwa ukiruka kwanza, akili ikafuata nyuma kuukumbusha. Basi alikuwa na hila yake: shemeji akija, yeye huinamia cherehani, hamtazami, humwacha aongee tu. Aongee juu ya mpira, juu ya bei ya mafuta, juu ya chochote.

Siku ile aliupiga mjakaranda makofi mawili matatu, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Shemeji, ondoa shaka. Huu una njaa tu. Naukata kichwa chote, vidonda navipaka rangi ya mafuta, halafu naupiga sindano ya dawa shinani. Mvua zikirudi utakuwa kigori."

"Na usipopona?"

"Utapona."

"Umejuaje?"

"Ah, shemeji! Damu yangu na yake si moja?"

Mshonaji aliyatazama matawi matupu. Alikuwa amekumbuka jambo. Mumewe alipofika kwenye mti, alikuwa hasemi. Aliuzunguka, akachuchumaa, akafukua udongo kwa vidole, akaunyamazia mpaka mwenye mti akaanza kudhani ameitiwa bubu. Akiulizwa swali, alijibu kwa swali. Na habari ya kukata kichwa aliwahi kuicheka mezani: "Huyo si fundi, mke wangu. Huyo ni kinyozi anayenyolea shingoni."

Lile alilisikia vizuri. Hata hivyo akamwambia shemeji aje Jumamosi. Sauti ile ilikuwa imesema utapona, naye tangu siku za hospitali alikuwa hajasikia mtu akimwambia neno hilo.

Lakini usingizi ulimkataa, na kesho yake akafunga chumba, akaenda kumtafuta Bi Kamba.

Bi Kamba alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Alikuwa amesomea miti chuoni, na ndiye aliyemwajiri marehemu alipoanza kazi. Alikuja Ijumaa alasiri na nyundo ya mpira, jembe dogo na nondo nyembamba. Hakuupiga mti makofi. Aliuzunguka kimya, akichuchumaa hapa na pale, na mshonaji akasogea karibu, maana ukimya ule aliufahamu. Alikuwa hajausikia uani kwake kwa muda mrefu.

"Nani alichimba hapa?" Bi Kamba aliuliza, akionyesha kati ya shina na ukuta.

"Watu wa bomba la maji. Mwaka juzi."

"Walikata mizizi?"

"Sikuangalia. Mume wangu alikuwa amelazwa."

Bi Kamba aligonga shina kwa nyundo, akisikiliza. Akafukua. Akaisukuma nondo ardhini, na pale ambapo mzizi ulipaswa kuizuia, nondo ikazama kama kwenye uji. Aliichomoa, akajipangusa magoti.

"Dada, mti huu lazima uondoke."

"Shemeji amesema utapona."

"Ameangalia chini?"

Mshonaji aliivuta tepu shingoni. Hasira zilimpanda, naye alijua si za kumpandia mwanamke huyu. "Una hakika?"

"Hakika ya nini? Kwamba upande wa nyumba mizizi imeoza, ninayo. Utaanguka lini na juu ya nani, sijui. Anayekwambia anajua, mkimbie. Ila mimi nisingekaa kushona chumba kile. Na mtu yeyote asiupande."

Jumamosi mshonaji alichelewa kumzuia shemeji. Alikuwa jikoni aliposikia mikanda ikilia, na alipotoka, shemeji alishakuwa juu ya tawi la kwanza, kofia ya kaka yake kichwani, msumeno ukining'inia kiunoni.

"Shemeji, shuka!"

"Tulia, hii ni kazi ya dakika!"

"Mti umeoza chini. Shuka taratibu, nakuomba."

"Nani kakwambia?"

"Mtu aliyeangalia." Sauti yake ilipasuka. "Nimeshamzika mmoja. Shuka, baba!"

Shemeji alilishika tawi kwa mikono miwili. Ndipo mshonaji alipomtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu matanga, akaona magoti ya shemeji yanatetemeka. Yalikuwa yanatetemeka tangu mwanzo. Alishuka akilikumbatia shina kama mtoto mgongoni mwa mama yake, na miguu ilipogusa chini akakaa hapohapo udongoni.

"Naogopa juu, shemeji," alisema. "Tangu utotoni naogopa. Kaka anajua."

Alisema anajua, si alijua. Wote wawili walilisikia.

"Sasa kwa nini?"

"Nikivaa hivi, nikipita barabarani, watu wananiita Fundi Miti. Wananisalimia kama yeye. Nasikia kama hajaenda mbali."

Mshonaji alikaa chini karibu naye, na tepu yake, na aproni yake yenye vipande vya uzi. Hakuwa na la kumlaumu; yeye naye alikuwa akiiiba ile sauti. Mwizi na mwizi hawafungani pingu.

Jumatatu Bi Kamba alikuja na watu wake na gari lenye ngazi ndefu, ili mtu asiuguse mti kwa mguu. Waliushusha kipande kwa kipande, kila kimoja kwenye kamba. Shemeji alisimama chini na kofia ngumu, akiishika kamba alivyoelekezwa, akiuliza hiki na kile bila kuona haya. Alipokosea alirudishwa, akaanza upya. Kufikia alasiri mwanga ulikuwa umemwagika ndani ya chumba cha cherehani, mkali, ukionyesha vumbi kwenye kila rafu. Mshonaji alijaribu kushona, akashindwa. Akatoka na chai.

Bi Kamba alipokea kikombe. "Huyu ataweza," alisema, akimwashiria shemeji kwa kidevu. "Si kupanda. Huku chini. Ameanza kuuliza. Kaka yake naye alianza kwa majivuno hivihivi."

"Vipi?"

"Siku ya kwanza alinijia kifua mbele, akajisifu anajua kila mti. Nikampeleka kwenye msonobari. Akafunga kamba yake mwenyewe, akapanda, akaning'inia kichwa chini kama popo, anapiga kelele nimshushe."

"Mume wangu?"

"Mumeo. Hakukwambia?"

Hakumwambia. Au pengine alimwambia, jioni fulani, na yeye akaitikia "ehee". Mshonaji alianza kucheka, na kicheko kikaja na machozi, akavifuta vyote kwa pindo la aproni. Akavuta kigoda, akakisogeza karibu kabisa na mwanamke yule.

"Anza mwanzo," alisema. "Alikuwa amevaa nini?"