Midomo ya Viggo

Mama aliacha kutafuna. Hilo ndilo Thyra aliloliona kwanza, kwa mwanga wa picha: taya la mama limesimama, pipi ingali shavuni.

Ukumbi mzima wa sinema ulikuwa ukivunjika mbavu. Tamthilia ile Thyra na wenzake waliicheza jukwaani miaka miwili, mpaka mji wa Aalborg, na sasa imekuwa filamu isiyo na sauti. Viggo, anayeigiza bwana mchumba, anampigia magoti kijakazi akidhani ni bibi mwenye nyumba. Kijakazi, ndiye Thyra, anabubujikwa machozi. Maandishi yakatokea: "Nitakupenda mpaka kaburini." Watu wakapiga makofi kwa kicheko.

Jukwaani Viggo alilazimika kusema maneno ya mwandishi. Mbele ya kamera sauti haishikwi, kila mtu husema atakalo. Mmoja ataagiza bia, mwingine atatukana, ilimradi uso ucheze. Siku ile mwongozaji alitaka machozi ya kweli, na Thyra, kwa haya zake, yalimgomea. Viggo akasema aachiwe yeye. Akapiga goti, akatabasamu, akamwambia taratibu:

"Yule mtoto wetu uliyemtupa kwa mayatima kule Aalborg, umesikia kama yu hai?"

Machozi yakaja. Mwongozaji akamsifu Viggo kuwa fundi.

Thyra alidhani kamera inamtazama yeye peke yake. Hakujua kwamba kulikuwa na nyingine, na kwamba uso wa Viggo ungejaa ukuta mzima. Homa ilimchukulia mama masikio zamani. Tangu hapo husoma midomo kama wengine wasomavyo gazeti. Na Thyra mwenyewe ndiye aliyemkatia tiketi, aje ajivunie binti yake.

Mama akamgeukia. Sauti yake, ambayo mwenyewe haisikii, ilikishinda kinanda kilichokuwa kikisindikiza picha.

"Mtoto gani, Thyra?"

Vicheko vikakatika, safu baada ya safu. Kwenye viti vya mbele Viggo, naye aliyekuja kujitazama, aligeuza shingo, kisha akairudisha upesi, akawa kama mtu anayetafuta kofia yake chini ya kiti.

Nyumbani Thyra humjibu mama kwa midomo mitupu, bila sauti, ndivyo walivyozoea. Angeweza kufanya hivyo hata sasa, kwa mwanga wa picha, na siri ikabaki ya watu wawili. Akafungua kinywa, sauti ikatoka.

"Wa kike, mama. Wa Viggo. Nilimpa jina lako, kisha nikamwacha."