Kitufe cha Kutokea

"Jembe? Umeniwekea jembe?" Bosi alikigonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Na hii nayo? Ndoo! Hapa tunauza gemu au vyombo vya bafuni?"

Bi Vitufe hakuinua macho. Jina hilo alipachikwa na Bosi mwenyewe wiki yake ya kwanza kazini, kwa kejeli, na ofisi nzima ikalidaka. Miaka miwili sasa kazi yake ilikuwa hiyo: kuchora picha ndogo na kuvivisha vitufe, vile vya kubonyeza kwa kidole ili mchezo uende. Na usidhani ni kazi ya kitoto. Kitufe kimoja kina sura nne: kikiwa kimetulia, kikipitiwa na kishale cha kipanya, kikibonyezwa, na kikifungwa kisitumike. Sahau moja tu, na picha inayeyuka mtu akibonyeza, anabaki anakodolea kiboksi cheupe. Yeye hakuwahi kusahau hata moja, na hakuna siku aliyoambiwa ahsante.

"Watakaoucheza ni wakulima," alisema. "Wengine hawasomi. Mama yangu hasomi. Juzi nilimpa auchezee kwenye simu. Akalima, akamwagilia, akavuna, na mimi sikumwelekeza chochote."

"Kwani mama yako ndiye mnunuzi?"

Fundi wa sauti, meza ya pili, akacheka. Hakuchekeshwa na kitu. Bosi alikuwa anamtazama.

"Na hiki mbona kiko uchi?"

Hapo alimshika pabaya. Kitufe cha kijivu pale pembeni, cha kutokea mchezoni, kilikuwa kimemshinda wiki tatu nzima. Alichora mlango, mama yake akauliza, "Huo ni wa kuingilia au wa kutokea?" Akachora mshale, mama akauliza unamwinda nani. Mwishowe bibi wa watu alichoka. "Mwanangu, mtu akiondoka unamwona nini? Si mgongo? Basi." Bi Vitufe akacheka, na kwa pilikapilika za kazi akasahau.

"Kinanisumbua kidogo," alisema.

"Wewe ndiye unayenisumbua mimi. Wageni wanaingia saa nne. Sogea."

Akamsukuma na kiti chake, kwa goti, akashika kipanya. Alikuwa amekuja na kitu chake: fremu ya dhahabu iliyojaa manyoya na mataji, jina lake limeandikwa juu kwa herufi nene. Akaitandaza juu ya kila kitu, kioo kizima, kisha akarudi nyuma hatua mbili kujitazama.

Bi Vitufe aliona kosa papo hapo. Katikati ya ile fremu palikuwa wazi, unaona jembe na ndoo vizuri kabisa, lakini kutoonekana si kutokuwepo. Ile picha ilikuwa imelala juu ya vitufe mithili ya kioo cha dirisha, na kila kidole kingeishia hapo juu. Vitufe vya chini visingesikia kitu. Dawa yake ni kuondoa alama moja ndogo ya tiki kwenye mipangilio, ile inayoiambia picha ipokee vidole. Fundi yeyote wa vitufe anaijua. Bosi si fundi wa vitufe.

"Bosi, hiyo fremu itazuia..."

"Nikisikia neno lako tena leo, moja tu, beba mkoba wako uende. Tumeelewana?"

Akaitikia kwa kichwa. Na tusidanganyane, moyoni alifurahi. Acha izuie! Acha aumbuke mchana kweupe, na manyoya yake.

Wageni wa chama cha wakulima walikuwa watatu: wanaume wawili waliovaa koti, na mwanamke wa makamo mwenye viganja vigumu, ambaye wenzake walimwita Mwenyekiti. Mchezo ulikuwa unaendeshwa na kompyuta ya Bi Vitufe na kuonekana kwenye kioo kikubwa cha kugusa, pale ukutani. Bosi alizungumza robo saa kuhusu yeye mwenyewe, kisha akamkaribisha Mwenyekiti ajaribu.

Mama yule akabonyeza jembe. Kimya. Akafuta kidole kwenye gauni, akabonyeza tena. Akajaribu ndoo. Akatumia kidole cha mkono wa pili.

"Labda vidole vyangu," alisema taratibu, akificha mikono nyuma. "Vimekuwa vigumu mno. Jaribuni ninyi mliosoma."

Furaha yote ya Bi Vitufe ikamtoka. Hivyo hivyo ndivyo mama yake angesema. Angeomba radhi kwa kosa la mtu mwingine, angeficha mikono, na asingegusa tena kitu kama hicho maishani mwake.

"Si wewe, mama, ni huyu hapa!" Bosi alimnyooshea kidole, sauti juu. "Fundi wetu wa vitufe. Nimemwonya hadi nimechoka. Mzembe wa kutupwa!"

Wale wa makoti wakamgeukia. Fundi wa sauti alikuwa akiikagua kibodi yake kana kwamba kaiona leo.

Bi Vitufe akasimama.

"Vidole vyako havina kosa hata kidogo, mama."

"Nilikwambia nini asubuhi?" Bosi alisema, meno yameumana.

"Uliniambia nikisema neno moja niondoke. Kwa kuwa bei ni ile ile, nitayasema yote." "Vitufe ni vizima. Hiyo fremu ya dhahabu yenye jina lake kaiweka yeye, leo, kwa mkono wake, na imevifunika. Nilitaka kumwambia akanifunga mdomo."

Akainama, akaondoa ile tiki. Fremu yenyewe hakuifuta. Aliiacha na manyoya yake.

"Jaribu sasa, mama."

Mwenyekiti akautoa mkono nyuma polepole. Akabonyeza jembe, udongo ukapinduka. Akabonyeza ndoo, maji yakamwagika. "Ehee!" akasema, na kuanzia hapo hakusubiri kuelekezwa na mtu.

Bosi aliinama sikioni kwa Bi Vitufe, tabasamu la wageni bado liko usoni. "Mkoba. Ukiwa hapa dakika kumi zijazo nitakutoa mwenyewe." Kisha akanyooka, akapaza sauti: "Hizi picha, wageni wangu, niliona mapema kwamba wakulima watazihitaji."

Bi Vitufe alimkata jicho, akakaa. Dakika kumi ni nyingi kwa anayejua kazi yake. Akashika kalamu ya kuchorea. Mistari michache tu: mabega, kisogo, mkoba umening'inia upande mmoja. Akakivisha kile kitufe cha kijivu, sura zote nne, hakuruka hata moja. Akahifadhi kazi yake, picha ikatokea pembeni mwa kioo cha ukutani, akachukua mkoba, akautupia begani.

Hakuna aliyemuaga.

Alikuwa amefika karibu na mlango aliposikia sauti ya Mwenyekiti nyuma yake. "Na mtu akitosheka, anatokea wapi?"

"Aa... kutokea..." Bosi alisema, akakikodolea kioo.

Yule mama hakumngoja. Aliitazama ile picha ndogo ya pembeni. Akageuka, akamtazama mwanamke aliyekuwa anafungua mlango. Akairudia picha, kidole chake kimesimama hewani, karibu kabisa na kioo.