Baraza la Nyuma

Mfa maji haachi kutapatapa, na Leland Tubbs alikuwa akitapatapa kwa vijiti vya aiskrimu. Alivinunua pakiti kwa pakiti katika duka la gereza, akavikata kwa kikata kucha, akazisugua ncha zake kwenye sakafu ya saruji mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kisu hakuwa nacho. Oklahoma nzima haina askari jela mjinga wa kumpa mfungwa kisu eti ajengee nyumba ya vijiti.

"Fundi, choo umeweka?" Otis, waliyelala naye chumba kimoja, alimchokoza kutoka kitanda cha juu. "Naona sebule, naona jiko. Mtu akibanwa je, akimbilie wapi?"

"Kipo nyuma ya jiko, mzee. Nyamaza, utanipotezea hesabu."

"Mimi nimejilalia zangu. Hesabu unazipoteza mwenyewe."

Nyumba hiyo ilikuwa mfano wa nyumba ya mama yake. Kimbunga kiliibeba ile halisi na picha zake zote, na mama mwenyewe, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, hakuishi sana baada ya hapo. Mtoto aliyekuwa akimlea, Marlee, binti yake Leland, akachukuliwa na shangazi yake Raylene. Sasa Raylene alikuwa anahamia Oregon, na Jumamosi hii ndiyo ya mwisho kumleta mtoto gerezani.

Na Marlee alikuwa ameacha kuzungumza na baba yake. Kila alipoletwa alikula chipsi za kwenye mashine, akaitazama saa ya ukutani. Leland alijua kabisa kwamba mtoto akienda mbali akiwa hivyo, basi amempoteza. Hakuwa na kingine cha kumpa ila nyumba yao.

Aliijenga kwa kumbukumbu, na uzuri wote akaumwaga kwenye baraza la nyuma. Aliliwekea nguzo, ngazi, na bembea iliyoning'inia kwa nyuzi alizochomoa kwenye soksi yake. Hapo ndipo mama alipokuwa akiwakatia tikiti utotoni, yeye na dada yake Raylene, nao wakatemeana mbegu mpaka wafukuzwe.

Jumamosi, kwenye chumba cha wageni, Sajenti Pruitt alimulika tochi kila dirisha, akaandika kwenye karatasi ya kutolea vitu gerezani, "nyumba moja, nzima," akasaini na kuitua nyumba mezani.

Marlee aliinama akachungulia. "Jiko la bibi!" Akapitisha kidole dirishani. "Shangazi, ona, ule mlango uliokuwa unakwama!"

Raylene akafuta macho. Leland naye akacheka, kicheko alichokuwa amekisahau. Kisha mtoto akaigeuza nyumba.

"Hii nini?"

"Baraza la nyuma, mwanangu. Iguse bembea, inabembea."

"Chumba changu kiko wapi?"

Leland alimtazama dada yake. Raylene akaangalia chini.

"Hakukuwa na baraza," Marlee alisema. "Hapa ndipo nilipokuwa nalala mimi. Bibi alipaziba kwa mbao, akapapaka rangi ya kijani. Baba, kumbe hukujua nalala wapi?"

Leland alikuwa ameambiwa. Sasa alikumbuka sauti ya mama yake kwenye simu: "Nimeliziba lile baraza, mtoto apate chumba." Naye akamkatiza, akataka kujua wakili amesemaje. Kila simu ilikuwa wakili, wakili. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa mama yake alikuwa amekaa hapo mbele, akingoja jibu.

"Ngoja," alisema, akalishika baraza akaling'oa. Nguzo zikavunjika, bembea ikaanguka. "Nakijenga sasa hivi, niambie tu dirisha lilikuwa..."

"Tubbs! Mikono juu ya meza!"

"Afande, kidogo tu, nakuomba. Nakupigia magoti, afande."

"Karatasi inasema nzima. Iliyovunjika haitoki." Pruitt aliichana karatasi, bila ukali, akaivuta nyumba upande wake. "Na muda umekwisha."

"Ungeniuliza, kaka yangu," Raylene alinong'ona akimkumbatia. "Kwa nini hukuniuliza?"

Marlee alikwenda zake mlangoni bila kumkumbatia. Leland akalia kwa sauti mbele ya wafungwa wenzake na wake zao, wala hakuona haya. Mtoto alisimama akingoja kufunguliwa. Ghafla akageuka.

"Dirisha lilikuwa upande wa mbwa wa jirani!" alipiga kelele. "Kitanda chini yake! Mlango sikuwa nao, bibi aliniwekea pazia!"

"Pazia la rangi gani?" Leland aliruka akasimama, na kusimama kulikatazwa.

Mlango wa chuma ukafunguka, wakapita, ukajifunga. Kupitia kioo kinene cha mlango huo aliona midomo ya mwanawe ikimjibu, mtoto akalirudia jibu mara ya pili polepole ili baba aelewe. Leland hakusikia kitu.