Mguu wa Sifael Haujaugua Akili

Mtaa mzima wa Ngarenaro ulikubaliana kwamba Sifael amepona, na ushahidi ulikuwa kitambi chake. Zamani, alipokuwa akibishana na watu wasioonekana, alikuwa mwembamba kama ufito. Tangu aanze dawa za akili alinawiri, akarudi kwenye kazi yake ya kutengeneza makochi. Dada yake, Pudensiana, alikitembeza kitambi kile kanisani kama vile amekizaa yeye, na kila jioni alimpa vidonge kwa soda baridi ili vishuke vizuri.

Asubuhi moja Sifael alisema, "Dada, jana nimechomwa na msumari wa kochi. Umeingia unyayoni na sikusikia maumivu. Nimeuona nilipovua soksi."

Pudensiana aliweka birika chini. "Msumari uingie mguuni usisikie?"

"Ndiyo. Na ile kiu ya usiku bado ipo."

"Sauti zinakuambia unywe maji?"

"Sauti zangu zilikuwa na adabu, dada. Hazijawahi kunituma maji."

Pudensiana alicheka, lakini Sifael aliyajua macho yale: yalikuwa yanatafuta ugonjwa uliorudi. Sifael mwenyewe alikuwa akimfikiria Sumari, fundi mwenzake, aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Sumari naye alianza na kidonda kisichouma.

Siku ileile wakaenda kliniki ya afya ya akili. Daktari Lesikar, kijana mpole, alimwamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akamgeukia Pudensiana. "Anaendeleaje?"

"Anasema msumari umemchoma bila kuuma. Na usiku anakunywa maji kama ng'ombe."

"Tangu lini?"

"Daktari, mimi nipo hapa," alisema Sifael. "Huyo unayemuuliza hana kidonda."

Daktari alitabasamu, akachukua kalamu. "Tutaongeza kidogo dawa ya usiku, mzee."

Sifael akaona mguu wake unaondoka hivihivi, kwa heshima zote. Akainama, kitambi kikamzuia, akainama tena kwa ubavu mpaka kiatu kikatoka. Akaupandisha mguu juu ya kiti cha wageni.

"Sifael! Mbele ya daktari!"

"Nyamaza, dada. Daktari, mimi huniamini, sawa. Basi uulize mguu huu. Wenyewe haujawahi kuugua akili."

Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Daktari aliugusa unyayo kwa ncha ya kalamu. "Unasikia?"

"Nasikia sauti yako tu."

Safari hii daktari hakutabasamu. "Umewahi kupimwa sukari, mzee?"

"Hapa nimepimwa maneno tu, miaka yote."

Wakamtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu sana.

"Dawa hizi humnenepesha mtu, na zinaweza kuchangia sukari," alisema daktari taratibu. "Usiziache. Lakini tulipaswa kukupima tangu mwanzo. Hili ni kosa letu. Mguu tumeuwahi, ila leo tunaanza kuutibu."

Pudensiana alikuwa ameinamisha kichwa. "Kumbe nilikuwa nikijisifia ugonjwa," alisema.

"Ulijisifia vizuri sana, dada. Hata mchungaji alivutiwa."

Dada akampiga kofi dogo begani, huku machozi yakimlengalenga.

Kidonda kilipokwisha kusafishwa na kufungwa, walipita tena mlangoni kwa daktari, wakamsikia akimkaribisha mgonjwa mwingine: "Shikamoo, mama. Kabla ya mengine, naomba uvue viatu."

"Viatu? Mwanangu, mimi naumwa kichwani!"

Sifael akachungulia. "Vua tu, mama. Mimi nilimlazimisha auangalie mguu wangu."