Mashine Iko Semina

Hasira hasara, wanasema. Haya, hasara nimeshaipata, sasa niacheni nikasirike.

Mimi ni daktari wa urgences, wagonjwa wa dharura, katika hospitali moja ya mtaa wa Kadutu. Mtoto akiletwa anatetemeka kwa homa, ametapika mpaka macho yamezama, au amekosa pumzi, mikono ya kwanza kumpokea ni yangu. Sasa niulizeni: semina ya magonjwa ya watoto ikija, anakwenda nani? Anakwenda Dokta Philémon, mkurugenzi wetu, ambaye mtoto wa mwisho aliyempima alikuwa wake mwenyewe. Na wakubwa wenzake wa hospitali nyingine, wenye suti. Mimi naambiwa, "Dokta Tatiana, wewe uko na zamu. Tutakufanyia restitution."

Restitution maana yake aliyekwenda kujifunza arudi atufundishe tuliobaki. Dokta Philémon nimemwona akirudi na mfuko mpya wa semina, kalamu mpya, fulana yenye picha ya mtoto anayecheka. Restitution sijaiona. Ng'o! Na mambo yanabadilika, jamani. Dawa niliyofundishwa chuoni leo imeachwa. Nasoma mwenyewe kwenye simu, mega za intaneti zikiisha nabaki na nusu ya ukurasa.

Juma la semina ya mwisho, asubuhi, soko limeshachangamka, akaingia Maman Aganze, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mwanawe Aganze, wa miaka miwili, alikuwa kifuani pake. Alikuwa anakohoa kama mbwa anayebweka, na kila akivuta hewa koo linakwaruza kama msumeno. Mbavu zinaingia ndani. Midomo imeanza kupoteza rangi.

"Dokta, nisaidie! Jirani aliniambia nimupeleke kwa ule muzee mwenye kukataka batoto kilimi ya koo. Nikasema aka! Mutoto wangu akatwe na wembe juu ya nini, na hospitali iko? Njo maana nimekuya."

Ugonjwa niliujua palepale. Njia ya hewa ilikuwa imevimba chini ya koo. Kuna dawa ya kunywesha, nikampa, lakini hiyo huchukua saa nyingi kufanya kazi. Ya haraka ni adrenalini, inageuzwa mvuke kwa mashine ya aerosoli na mtoto anaivuta kwa kifuniko cha mdomo. Adrenalini ninayo. Nikapiga kelele, "Bruno, lete aerosoli!"

Bruno ni muuguzi wangu, mtu wa mbio. Siku hiyo alisimama tu.

"Dokta, mashine iko semina."

"Iko wapi?"

"Semina, kule hoteli ya Muhumba. Dokta Philémon aliibeba jana, na kifuniko ya batoto. Ni ya démonstration."

Démonstration! Mashine pekee tuliyo nayo imekwenda hotelini kuonyesha namna ya kuokoa watoto, na mtoto yuko hapa mbele yangu anakabwa. Nikampigia Dokta Philémon. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Nimtume mtu? Aende, abishane na mlinzi, aombe, arudi akipanda kilima chote cha Kadutu? Aganze asingengoja. Nikatia chupa za adrenalini mfukoni mwa koti, nikamwambia mama, "Twende."

Tulipanda pikipiki wote, mama katikati na mtoto wake, mimi nyuma, tukateremka Kadutu kuelekea Muhumba dereva akipiga honi kama kichaa. Ule msumeno nilikuwa nausikia. Ukikwaruza, nakasirika. Ukipungua naogopa, kwa sababu katika ugonjwa huu mtoto akinyamaza amechoka kuvuta hewa.

Hotelini mlinzi akatuzuia. "Semina ni ya wenye badge." Nilichomjibu hakiandikiki. Nikasukuma mlango.

Ukumbi baridi, chupa za maji zimepangwa. Mezani mbele iko mashine yetu, jina la hospitali nililiandika mwenyewe kwa rangi ya kucha. Pembeni yake mwanasesere wa mpira amelazwa juu ya kitambaa cheupe, amevalishwa kile kifuniko. Dokta Philémon ameshika kipaza sauti: "Chers collègues, kwa mutoto, kila dakika iko na maana..."

Nikamvua mwanasesere kifuniko. Nikamimina dawa, nikawasha. Mama akakaa na Aganze mapajani, mvuke ukaanza kumwingia. Taratibu mbavu zikaacha kuingia ndani, msumeno ukafifia, mwishowe Aganze akalia. Kilio chenye sauti!

"Mawee, Mungu wangu," mama akasema, naye akalia.

Halafu wakapiga makofi. Makofi, nawaambia! Mmoja alisimama kupiga picha. Dokta Philémon akasema kwenye kipaza sauti, "Voilà, cas pratique! Mufano wa kweli!" Kisha akamwinamia mama kwa sauti ya padri. "Lakini maman, munapitiaka kwanza kwa bakata kilimi. Njo maana batoto banakufa."

Hapo nikalipuka. "Huyu hakupitia kwa mtu! Alikuja moja kwa moja hospitali. Hospitali ndiyo haikuwepo. Wewe uliibeba!"

"Tutaongea bureau, ofisini kwangu," akanong'ona.

"Tuongee hapa, kipaza sauti si kiko? Nani kati yenu atapokea mtoto mgonjwa kesho asubuhi? Anyooshe mkono!"

Hakunyoosha mtu. Mmoja alianza kufuta miwani.

Dokta Philémon akarekebisha tai. "Bon. Rudisheni mutoto hospitali. Mashine mutaipata semina ikiisha."

Maman Aganze akanitazama. "Dokta, dawa hii ikiisha nguvu?"

Sikumdanganya. "Koo linaweza kuziba tena. Atahitaji mashine."

"Na mashine inabaki hapa?"

Alimtazama Dokta Philémon, akangoja. Yeye akaanza kupanga karatasi zake. Basi akafungua kitenge chake, akakitandika juu ya zulia chini ya ile meza, karibu na waya wa umeme, akaketi na mtoto wake.

"Hospitali iko hapa," akasema. "Sisi tunabaki hapa."

"Dokta Tatiana, mwambie atoke!"

"Mwambie wewe," nikamjibu. Nikavua viatu, nikaketi kando ya mama, nikampigia Bruno. Niliongea kwa sauti ya kusikika mpaka safu ya nyuma.

"Bruno, urgences ya watoto imehama. Mtoto yeyote akikuja amekosa pumzi, usimulaze. Mupandishe pikipiki, mulete huku hotelini, kwa Dokta Philémon."

Bruno akasema, "Sawa, Dokta. Mumoja iko hapa mulangoni."