Kijiko cha Mwenye Mkahawa

Mume wangu hapendi jibini. Ukimwekea mezani atauliza nani kasahau soksi zake. Sasa niambie, mtu huyo anafikaje likizo, siku ya kwanza tu, akachota jibini lenye ukungu wa buluu, tena kijiko kizima, akafumba macho na kusema, "Tamu kweli"? Nikajisemea, Mama Pacha, kaa chonjo.

Likizo yenyewe alipewa na hoteli anakopika, apumzike kabla ya kukabidhiwa jiko lote awe mpishi mkuu. Mimi nikafunika cherehani yangu, pacha tukawaacha kwa dada yangu, tukaja mji huu tusikojuana na mtu. Nyuma ya nyumba ya wageni tuliyofikia kuna kichochoro, na kichochoroni kuna mkahawa wa Kiitaliano. Vitambaa vya meza vina miraba myekundu na myeupe, pindo zimeshonwa ovyo, nikanyamaza. Ikaletwa tambi na mchuzi wa nyanya, majani ya mrehani juu yake. Tukala, tukafuta sahani kwa mkate. Nimeshalegeza kifungo cha sketi, mara ikaja nyama ya ndama! Kumbe kwa Waitaliano tambi ni kufungua njia tu, mlo wenyewe uko nyuma. Nyama ile niliila kwa heshima, nikihema.

Mwenye mkahawa ni mwanamke wa makamo, kicheko chake kinasikika hadi barabarani. Amezaliwa Italia lakini Kiswahili anakimwaga kama sisi. Ana desturi ya kupita meza hadi meza akiuliza leo kipi kimekukosha, na ukimjibu "vyote vizuri" hakuachii. Alipofika kwetu, mume wangu akanitazama mimi kwanza. Nikasema limau limeinyanyua ile nyama.

"Hasa limau," mume wangu akadakia.

Yule mama akamkazia macho, kisha akamshika bega. Bega lile lile ninalolipimia mashati mimi!

Kesho yake hapo hapo. Kesho kutwa hapo hapo. Nikamwambia, "Baba Pacha, ng'ambo ya barabara wanachoma samaki, harufu inaniita kwa jina."

"Hapa pananifaa."

"Panakufaa au anakufaa?"

"Kula, Mama Pacha."

Basi nikala. Na kila nikitafuna, yeye ananitazama mdomoni. Mimi si mtoto wa jana, najua mume anayeanza kukupima na mwingine. Yule mwanamke naye akawa analeta sahani ya mume wangu kwa mkono wake mwenyewe, ananong'ona, anasubiri aonje, anatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ya nini? Ya kunioa mimi?

Nikampigia dada yangu. "Dada, naibiwa mchana kweupe."

"Una ushahidi?"

"Nina macho."

"Basi uliza kabla hujapiga. Wewe mkono wako unatangulia."

Sikucheka. Nilimwambia nikihakikisha, narudi kwa wanangu peke yangu, yeye abaki na tambi zake. Nilisema hivyo na machozi yananitoka, maana mume wangu nampenda, mjinga yule.

Siku hiyo mchana tulimaliza tambi, nyama ikawekwa mezani. Mume wangu akainuka. "Naenda msalani." Msala uko kushoto. Akapinda kulia, akapenya pazia la jikoni.

Haya! Nikavua viatu nisisikike, nikamfuata. Matusi niliyoyaandaa yangetosha mtaa mzima. Nikalifunua pazia.

Mume wangu ameketi kwenye stuli, macho amefumba, mdomo wazi kama kinda la ndege. Na yule mwanamke anamlisha kwa kijiko.

"Hii je?" akamuuliza.

Mume wangu akazungusha ulimi, akafikiri. "Sukari."

Mwanamke akashusha kijiko. Ndipo nikaona kaunta: kisahani cha siki, cha kahawa, cha vitunguu saumu vilivyopondwa, na bakuli la chumvi ya mawe alikochota. Matusi yote nikayasahau.

Mume wangu akafumbua macho, akaniona. Hakushtuka. Alikuwa amechoka tu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ile homa iliyonilaza kabla tu ya safari. Nilidhani itapita. Sisikii harufu wala ladha."

"Mimi nilijua siku ya kwanza," mwenye mkahawa akasema taratibu. "Alisifu limau. Sahani yake tulisahau kuikamulia. Nikaona labda nimjaribu kila siku, pengine kitu kimoja kitarudi. Bado."

"Na mimi mkeo?" Sauti yangu ikapanda. "Mimi nijue lini?"

"Nyumbani ungenigundua kwa kikombe cha chai. Huku kila kitu ni kigeni, nikawa naangalia uso wako, najua kitu ni kitamu au la." Akanishika mkono. "Mama Pacha, wananikabidhi jiko. Nitasimamaje pale? Mimi sijui kazi nyingine."

Mwanamke ningemweza. Ningemvuta nywele, ningemwaga mchuzi, watu wangetuamulia, tungerudi nyumbani tumenuna. Hili ningelishika wapi? Nililia pale pale miguu mitupu, na mwenye mkahawa akanifuta uso kwa aproni yake, nami nikamwachia.

Tukarudi mezani. Nyama ilikuwa imepoa. Mume wangu akakata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna akiangalia dirisha. Hakutaka tena kunitazama.

"Leo limau lipo," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Kali kidogo mbele, halafu siagi. Chumvi imezidi."

"Imezidi sana?"

"Kidogo tu. Mwisho wa ulimi."

Akaitikia kwa kichwa, akakata kipande kingine. "Endelea," akasema.